Jeton 117 ku Musumari

2/11, siku ya Mungu

Hii kayee, daftari ya kuandika, ni ya Elise, mutoto ya mutoto yangu, mwalimu kule Sandoa. Alikuya ku likizo, akaniletea muchezo, leo asubui amerudia na camion. Alisema: «Nkambo, kila mara mukimaliza kucheza, andika yenye ilipita. Bila kuandika utasahau, na muchezo itakufa.» Mi Mukalay sisahau kitu. Nilisoma miaka tatu tu ku batata bapadri ba misioni lakini kichwa yangu iko na makabati. Naandika juu Elise ametaka.

Muchezo ni hivi. Batu banaikala ku meza. Kila mutu anakuwa mutu mwingine, fundi, mwizi, muganga, yenye anataka. Mukubwa ya muchezo anabahadisia: muko mbele ya mulango, ndani munasikia mayi, munafanya nini? Bao banasema. Kama ni jambo ya nguvu banatupa dé, kadude ya pande sita na namba, na dé inasema kama umepita ao umeanguka. Hakuna mwenye anashinda. Nilimuuliza Elise, sasa banacheza juu ya nini? Asema: «Juu ya kujua yenye itafuata.»

Mukubwa ya muchezo ni mi. Nani mwingine?

5/11

Mvula ya kwanza ya nguvu. Mabati yangu haivuje. Ya muzee Tshilombo, jirani, inavuja.

8/11

Bitu bya muchezo biko tayari. Elise aliacha makaratasi yenye iko na nyoka ya mabawa anatema moto, na nyumba ya mawe ya bafalme. Nikafuta yote. Nani mu Musonoi, cité yetu huku Kolwezi, alishaona nyoka ya mabawa? Nikatia mine, mugodi ya chini, ile ya kampani ya zamani, yenye ilifungwa.

Karta, ramani ya ile mine, nilichora nyuma ya kalandari, karatasi tatu, nikabandika na bukari, ugali ya mayi. Dé ya Elise ni ya plastiki, nyepesi sawa jino ya mutoto. Nikachonga yangu na jiwe ya kijani, malakiti. Inapenda kuangukia mbili, lakini inaanguka na heshima. Karto, sanduku ya sabuni, nilikata, inasimama mbele yangu, basione karta wala dé. Chupa yenye tundu inatonesha mayi mu sahani: mayi ikiisha, hewa ya chini nayo imeisha.

Na jeton. Hizi hakuna mutu eko nazo ila mi. Ni biduara bya shaba, kila moja na namba. Zamani mutu wa mine alikuwa anaacha jeton yake ku dirisha ya lampiste, mutu wa kutunza taa, anapewa taa, lampiste anatundika jeton ku musumari. Akipanda, anarudisha taa, anapewa jeton. Jeton yenye inabakia ku musumari ni mutu mwenye eko chini bado. Niko nazo kumi na mbili. Nilipiga misumari ku ubao, ubao nikatundika ku ukuta, pembeni ya mulango yangu. Kabla ya kushuka mu muchezo, kila mutu anatundika yake.

9/11, siku ya Mungu

Tulicheza kisha misa. Bane balikuya. Kabemba, jirani yangu wa ukuta moja, creuseur, anachimbaka madini ku shimo kubwa ya Mashamba na mikono yake. Mado, bibi yake. Bilali wa taxi-moto, mwana wa Baislamu ba ngambo ya soko, anaongea kupita pikipiki yake. Na Tshilombo, karani wa zamani wa kampani, anajua kusoma mingi na hajui kitu.

Nikasema: «Kage, sanduku ya chuma, inawashusha meta mia tatu. Giza. Munashika taa.»

Bilali: «Tata Mukalay, mi naingia na moto yangu, hii pikipiki, mu kage.»

«Moto haiingie.»

«Basi mi nabakia juu, nangojea bateja.»

Mado alisema yeye ni kapteni wa police, anatukamata bote, hata Tata. Kabemba asema: «Mi ni Kabemba.»

«Unapashwa kuwa mutu mwingine.»

«Basi mi ni Kabemba mwenye eko na bahati.»

Tulicheka mpaka mbwa zikalia. Akachagua jeton 117. Balishuka, balikuta mayi, balikuta panya, Tshilombo alivunjika muguu (dé ilisema mbili!). Kabemba alitupa sita mara tatu na ile dé yangu yenye haipende sita. Chupa ikaisha balikuwa bamefika mu kage. Babili batatu kule barabarani balisimama kutuangalia.

Mi najua kuhadisia. Bibi yangu Ngalula, Mungu amuweke, alisemaka kinywa yangu inaweza kuuzisha mvula ku bavuvi.

12/11

Kitu hapana.

16/11, siku ya Mungu

Naandika mingi leo, nilikuwa mukubwa kabisa.

Makaratasi ya Elise inasema: karta yote inapashwa kuwa na chumba moja yenye hakuna mutu anaijua. Tena inasema: tia kitu mahali penye bachezaji banapajua, roho yao itapiga. Nilifikiri wiki muzima. Njo nikachora chumba ya kijani. Kuta ni malakiti juu mpaka chini, na nyuma ya malakiti, udongo mweusi wa cobalt, muzito sawa chuma. Galeri ya kwenda kule, njia ya chini yenye inapanda mpaka karibu na juu, balifunga na mawe mwaka ya vita.

Balifika pa ile mawe. Kabemba akatupa: sita. Nikabaonyesha chumba. Hata Bilali alisogeza kiti.

Kabemba akauliza polepole: «Tata, hapa juu yake ni wapi?»

Nikaweka kidole: «Hapa ni barabara. Hapa ni bomba ya mayi. Hapa ni parsele yako, kiwanja ya nyumba yako.»

«Meta ngapi?»

Haikuwa mu makaratasi. Nikasema kumi na mbili.

Aliangalia karta, aliangalia mi. «Ni muchezo, ao ni kweli?»

Bote balinigeukia. Nikanyoosha mugongo. «Dé njo muchezo. Karta ni ya kweli. Mi nilikuwa chef wa chini miaka makumi mbili na kenda. Nilitembea mule na hii miguu.»

Tshilombo alikohoa. Anakohoaka.

18/11

Mvula. Elise alitelefone: «Nkambo, muchezo unaenda?» Nikamuambia muchezo unakimbia.

23/11, siku ya Mungu

Kabemba aliomba kupiga karta foto na telefone yake. Nikamuachia. Mutu akipenda kazi yako, usimukatalie.

26/11

Tangu juzi nasikia pum, pum, nyuma ya ukuta. Mado asema Kabemba anatengeneza choo.

30/11, siku ya Mungu

Kabemba hakucheza muzuri. Mikono yake iko na udongo mwekundu mpaka ku kiwiko, na Mashamba hapana kwenda wiki yote. Mado hakukamata mutu. Niliuliza: «Choo iko namna gani?» Mado aliangalia chini, Kabemba akacheka: «Inaenda chini, Tata. Meta tano.»

Choo ya meta tano mu chumba ya kulala. Nimeona: balitosha kitanda inje, balitundika bashe, turubai ya bleu, ku dirisha. Batu bengi mu cité banafanya vile, banachimba chini ya nyumba yao. Mu kiangazi. Hakuna mwenye anafanya mu mvula.

2/12

Mvula siku tatu.

7/12, siku ya Mungu

Tshilombo alikataa kutundika jeton. Alisimama na canne, fimbo yake, akasema mbele ya bote:

«Kabemba, mutoto yangu, fukia ile shimo. Huyu Mukalay hakushuka chini hata siku moja. Mi niliandikaka majina ya bafanyakazi. Alikuwa lampiste. Anapatia batu taa, anapokea taa, anakwenda nyumbani na mashati safi.»

Damu ilipanda mu macho yangu. Nikamuambia wivu yake inanuka kupita sigara yake. Nikamuambia mutu mwenye alikaa miaka yote juu ya kiti anajua nini ya chini. Nikamuambia hata mabati yake inavuja. Bilali akasema: «Tata Mukalay, polepole, utapasuka.»

Kabemba alisimama. «Batata, munyamaze. Tata Mukalay, sema we mwenyewe, mi nitashika neno yako. Ulikuwa nani?»

Alikuwa karibu, nikasikia harufu ya udongo ku nguo yake. Mado alikuwa amefunga mikono yake mwenyewe pamoja.

Nikasema: «Chef wa chini.»

«Njo vile,» Kabemba akasema. «Kwisha.»

Tshilombo alikwenda. Hakuchukua kofia yake.

8/12

Kayee, we hauna kinywa, basi nikuambie.

Nilikuwa lampiste. Chini nilishuka mara moja, mu 1983, siku ya bageni, nikatapika mu kage. Nilikuwa pa dirisha miaka makumi mbili na kenda. Taa mia nne asubui, taa mia nne mangaribi. Batu balipita na nyuso nyeusi, meno tu, na kicheko ya batu benye bamepona, na hakuna hata moja mwenye aliniangalia. Siku nilipata pansio ya uzee nikahamia huku Musonoi, kwenye batu hawanijue, mutoto moja akauliza: «Muzee, ulikuwa nani kule?» Nikasema chef wa chini. Neno ilitoka yenyewe. Ngalula alikuwa anachambua majani ya sombe. Alinyanyua kichwa, aliniangalia, akarudia ku sombe yake. Hakusema kitu mpaka alikufa. Alinipenda.

Chumba ya kijani niliitosha mu kichwa yangu. Chini ya nyumba ya Kabemba ni udongo.

Nitamuambia kesho.

9/12

Mvula. Kabemba alikuwa chini. Sikumuambia.

10/12

Vile vile.

14/12, siku ya Mungu

Nilipata akili. Muchezo ilimutia mu shimo, muchezo itamutoa. Nikabarudisha mu chumba ya kijani. Nikasema mayi inatoka ku ukuta, mawe inaanza kulia. Nyuma ya karto yangu nikatupa dé. Ilikuwa ine. Nikasema moja.

«Dari imeanguka. Kabemba, umekufa. Ulizikwa mpaka shingo, kisha kinywa, kisha macho. Unamuita Mado, hakusikie. Chupa ingali na mayi nusu, lakini we hewa imeisha.»

Mado alitoka inje. Bilali akasema: «Aa, Tata, hii si muzuri.»

Kabemba alichukua jeton 117, akaigeuza, akacheka. Kweli, alicheka. «Tata, ulinifundisha we mwenyewe. Dé njo muchezo. Karta ni ya kweli.» Akakaribia sikio yangu: «Niko meta kenda. Jana nilipata jiwe ya kijani, sawa kidole. Tukifika, we utakuwa na fungu yako. Sitakusahau.»

Jiwe ya kijani sawa kidole, mu Kolwezi, unaipata hata ukichimba kaburi ya kuku. Njo nilitaka kusema. Nikasema: «Tia miti ya nguvu ku kuta.»

«Niko natia.»

Akaomba kubakia na jeton. Nikamupatia.

17/12

Mado alikuya peke yake, saa kumi ya mangaribi, na sahani ya kapenta, samaki kidogo. Aliiweka. Hakuikala.

«Tata, mi njo navuta kamba. Yeye anajaza mufuko chini, mi navuta. Akishuka anatundika ile jeton ku musumari ya mulango, sawa ulimufundisha. Asema kazi ya chini iko na sheria. Mi naangalia ile jeton siku muzima. Mayi inaingia ku kuta, Tata. Inaingia kidogokidogo. Nimemuambia, asema Tata Mukalay hawezi kudanganya.» Akapangusa uso na kitambaa. «Sitaki mutu mwingine asikie. Niambie mi tu. Karta ni ya kweli?»

Hakuna mutu alikuwa pale. Tshilombo hakuwa pale. Ningesema neno moja, angeenda kumupandisha Kabemba, angekata kamba.

Alinipa heshima sana, alisimama sawa vile batu banasimamaka mbele ya chef.

Nikasema: «Ni ya kweli sawa jina yangu.»

Akapiga magoti kidogo, akasema aksanti, akaenda. Kapenta sikula.

19/12

Mvula.

20/12

Mvula. Pum, pum. Nimezoea. Ikinyamaza, moyo yangu inanyamaza.

21/12, siku ya Mungu

Hakuna mutu alikuya kucheza.

25/12

Noeli. Kabemba alikuya na chupa ya munkoyo, kinywaji ya mahindi, akanisalimia na mikono mbili. Amekonda. Meta kumi na moja. «Imebakia moja, Tata.» Nilifungua kinywa. Akanikatisha: «Usiseme kitu, najua, miti ya nguvu.» Akaenda anacheka.

Nitamuambia siku ya Mungu, mbele ya Tshilombo. Nimeapa ku kaburi ya Ngalula.

27/12

Asubui, saa tatu. Mvula ilikuwa imekatika, jua ilikuwa inatoka. Nilikuwa nanyoa. Nyumba ilitikisika kidogo, sawa camion inapita. Kisha kelele ya Mado.

Nilifika na sabuni ku shavu. Chumba haikuwa na sakafu. Katikati kulikuwa bakuli ya udongo, inaingia yenyewe, polepole, na kamba ilikuwa inatoka mu udongo, na Mado anavuta ile kamba. Bilali alimushika kiuno asianguke. Ku mulango, jeton 117 ilikuwa ku musumari.

Bilali aliwasha moto yake, akaenda Mashamba, akarudi na bacreuseur, kisha bengine na miguu, makumi tatu, makumi ine. Mukubwa wao ni Kisimba, mutu wa maneno kidogo. Aliangalia shimo, akasema kupitia juu ni mubaya, udongo itarudi. Mado akamuambia: «Kuko galeri! Kuko galeri ya zamani pembeni, Tata Mukalay eko na karta!»

Nikaona bote bananigeukia. Makumi ine. Maisha yangu yote nilitaka kuona bacreuseur bananiangalia vile.

Kisimba: «Tata, leta. Galeri inapita upande gani? Tukitoboa mu parsele ya nyuma tutaingia mule, tutamufikia kando. Atakuwa na hewa kama alikimbilia galeri.»

Na balikuwa bameshaanza kutoboa nyuma. Telefone ya Kabemba ilikuwa ku meza, foto ya karta ndani yake, Mado alikuwa amebaonyesha. Nusu ya batu na mapiki yote ya kuchimbia ilikuwa kule, banapiga mu udongo mugumu, banaimba juu ya kupata nguvu. Banatafuta galeri yangu.

Nilitembea mpaka katikati yao. Nikasema: «Muache.»

Hawakusikia. Nikapiga kelele: «Muache! Hakuna galeri! Niliichora mu kichwa. Mi nilikuwa lampiste!»

Wimbo ilikatika. Piki moja ilimalizia kuanguka.

Kisimba aliniangalia. Hakutukana. Asema: «Tumepoteza nusu saa hapa.» Akageuka. «Bote mbele! Mbao, muvunje milango, mulete mbao!» Bakakimbia. Moja alinisukuma na bega, hata hakuniona.

Mado alikuwa anaangalia sabuni ku shavu yangu.

28/12, siku ya Mungu

Banachimba kwa zamu. Meta tatu, udongo inarudi. Nilipeleka mulango yangu bavunje mbao. Tshilombo alileta yake. Tulibeba pamoja, mi mbele, yeye nyuma. Hakusema «nilikuambia». Ningependa angesema.

29/12

Meta sita. Mvula.

30/12

Mayi. Banachota na ndoo, inapanda kupita ndoo. Ukuta ya jikoni imepasuka. Elise alitelefone, nikaacha ilie.

31/12

Kisimba na chef wa quartier, mukubwa wa mutaa, balisema kwisha, mutu mwingine atakufa. Mado alishika piki, bamama batatu bakaitosha ku mukono yake. Saa nane bacreuseur balivua kofia, balirudisha udongo mu shimo, mara hii polepole. Tata Padri alisoma sala juu ya ule udongo. Kabemba eko chini ya chumba yake, meta kumi na mbili ao kumi na moja, hakuna mwenye anajua. Alikuwa na miaka makumi tatu na moja.

4/1, siku ya Mungu

Nilichoma karta. Dé nilitupa mu choo. Karto, chupa, nikapatia moto. Nilitaka kuchoma hii kayee vilevile. Nikakumbuka Elise alisema bila kuandika nitasahau.

Nilikuwa nimeikala mu mulango yenye haina mulango tena. Mado alikuya. Nguo nyeusi, kichwa bamemunyoa. Nikasimama, nikaanza: «Mama Mado, mi...»

Alipita pembeni yangu sawa upepo. Alikwenda pa ubao yangu ya misumari, ingali ku ukuta. Alifungua mukono. Akatundika 117. Ilitikisika, ikatulia.

Akanigeukia. Sauti yake ilikuwa safi, ya kazi, sawa ya mutu ku dirisha:

«Lampiste. Mutu wako hajapanda.»

5/1

Lampiste hafunge dirisha kama jeton moja ingali ku musumari. Hii ni sheria. Mu miaka makumi mbili na kenda sikuivunja hata mara moja. Siku moja balinicheleweshea mutu masaa kumi na ine, muguu ilivimba, nikabakia. Hii njo kitu ya kweli ningeweza kubahadisia, na sikuihadisia mutu hata moja.

6/1

117 ku musumari. Niko pa kazi.

7/1

Mvula. 117.

8/1

117.